Aliyemfikisha Werner kwa Wahungaria

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu historia ya elimu ya madini ilimpa Abraham Gottlob Werner, mwalimu wa madini wa Freiberg huko Ujerumani, haki yake, lakini iliposema kwamba mafundisho yake yalienea Ulaya haikueleza yalienezwa na nani, wala kwa lugha gani. Naomba nafasi nimtaje mmoja wa waenezaji hao: Ferenc Benkő, mchungaji wa Kikalvini na mwalimu wa Transilvania (leo ni sehemu ya Romania), aliyezaliwa Magyarlápos mwaka 1745.

Mwaka 1774 Werner alichapisha kitabu cha kulitambua jiwe kwa ishara zake za nje, yaani rangi, mng'ao, mpasuko, ugumu, uzito, hata ladha na ubaridi wake mkononi. Benkő alikitafsiri kwa Kihungaria, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1784, mwaka uleule ambao Maliki Joseph II, aliyetawala pia Hungaria na Transilvania, aliamuru Kijerumani kishike nafasi ya Kilatini katika ofisi za serikali. Miaka miwili baadaye Benkő alitoa kitabu chake mwenyewe, kilichopigwa chapa Kolozsvár, nacho ndicho kitabu cha kwanza cha elimu ya madini kwa Kihungaria.

Anayedhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kukaa na kamusi tu, na ajaribu. Kipande cha pairiti humeta kama dhahabu, lakini ukikikwaruza kwenye mgongo wa kigae, pale pasipong'arishwa, huacha mstari mweusi wenye ukijani, ilhali dhahabu yenyewe huacha mstari wa manjano. Mpaka hapo maneno yapo. Sasa upe jina mng'ao wa pairiti, kisha wa jiwe la kwazi, kisha wa ulanga, majina matatu ambayo mwanafunzi hatayachanganya. Nimelijaribu zoezi hilo darasani kwa Kiswahili, nasi tulikwama kwenye jina la tatu. Benkő alikuwa na kitabu kizima cha kukwamia, katika nchi ya migodi ya dhahabu ambako, mwaka 1782, Franz Joseph Müller aligundua elementi inayoitwa leo teluri ndani ya mawe ya mgodi ulio karibu na Zalatna.

Kuanzia mwaka 1790 Benkő alifundisha katika chuo cha Nagyenyed, na mwaka 1796 akafungua hapo makumbusho ya vitu vya asili, ili wanafunzi wayashike mawe wanayoyasoma. Alifariki katika mji huohuo mwaka 1816. Siku hizi mji huo unaitwa Aiud na umo Romania.

Mkimtaja katika toleo lijalo, tafadhali msiache zile alama mbili zilizoinama juu ya herufi ya mwisho ya jina lake, wala msiweke nukta mbili badala yake, kwa kuwa katika Kihungaria hizo ni herufi mbili tofauti.

Wenu,
Mwalimu wa jiografia