Septemba ya Cévennes si jua tupu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vibarua wa kuvuna zabibu kusini mwa Ufaransa imewaaminisha vijana kwamba huku ni jua tupu kuanzia Mei hadi Oktoba. Jua lipo, tena kali: Juni 28, 2019 kijiji cha Vérargues kilifikia nyuzi 46. Lakini mizabibu mingi ya mkoa wa Gard iko chini ya milima ya Cévennes, na huku Septemba, mwezi wenyewe wa mavuno, ndio tunaouogopa.

Kiangazi kizima bahari ya Mediterania inapata joto. Ukija upepo wa kusini, unabeba mvuke hadi milimani, hewa inapanda, inapoa, na mvua inamwagika palepale saa nyingi mfululizo. Septemba 8 na 9, 2002, mji wa Anduze ulipata karibu milimita 700 ndani ya saa 24. Dar es Salaam hupata kama 1,100 kwa mwaka mzima, masika na vuli pamoja. Katika mafuriko hayo ya 2002, watu zaidi ya 20 walikufa.

Mgeni anadanganywa na mito. Mwezi wa nane sehemu nyingi za mto Gardon unavuka kwa miguu, viatu mkononi. Ikinyesha milimani, maji yanaweza kukufikia bondeni hata kama kwako halijadondoka tone. Kuna pia madaraja mafupi ya chini, yaliyojengwa makusudi ili mafuriko yapite juu yake. Hayo ndiyo yanayoua. Machi 2024 magari yalisombwa na watu wakafa, na huo haukuwa hata msimu wenyewe.

Kwa hiyo naomba mchapishe nyongeza kabla vijana hawajasaini mikataba. Idara ya hali ya hewa, Météo-France, hutoa ramani ya tahadhari kwa rangi, ambayo haihitaji Kifaransa kuisoma. Ikiwa ya machungwa, ahirisha safari; ikiwa nyekundu, usitoke kabisa, hata kama msimamizi anapiga simu kwamba zabibu zitaoza. Anayelala kwenye hema kando ya mto ahamie juu mapema, mchana. Na wenye watoto wasikimbilie shuleni kuwachukua. Walimu hubaki nao hadi maji yapungue.

Mkazi wa Alès,
Ufaransa