Zuhura, bandari haikuwekwa rehani

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, watoto wazima, goti la mama ndilo lile lile. Salamu niziishie hapo maana najua umenuna, na umenuna tangu kikao cha kitchen party ya Neema. Miezi mitano, shoga! Hata Bahati alipojifungua tulipishana mlangoni kama watu wanaodaiana kodi.

Basi naandika kukiri. Siku ile nilisimama mbele ya kamati nzima nikasema Wachina wameshaichukua bandari ya Mombasa kwa deni la reli. Ukaniuliza, "Umesoma mkataba?" Nikakujibu lile jibu ambalo silirudii hapa. Sikuwa nimesoma. Sasa nimesoma. Serikali ya Kenya iliweka mikataba ya mkopo wa SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, hadharani Novemba 2022, kumbe ilikuwepo muda wote nikipiga kelele, na nimeikalia wiki mbili kamusi ya sheria ikiwa pembeni. Bandari haikuwekwa rehani. Kilichopo ni makubaliano kwamba mamlaka ya bandari ihakikishe reli inapata mizigo ya kutosha. Nalo si jambo dogo, lakini kunyang'anywa bandari ni habari nyingine. Umeshinda. Mwambie na shemeji, nilimwona akicheka.

Ila usipige vigelegele bado. Na wewe siku ile ulisema "China imewekeza Kenya", na neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Uwekezaji gani, Zuhura? Wewe umekaa kikoba miaka kumi, hili unalijua kuliko mimi. Nikikukopesha ufungue genge, nyanya zikioza hiyo juu yako, Ijumaa nataka changu. Nikitia mtaji, nyanya zikioza tunatazamana wote wawili. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ni nyanya za aina ya kwanza. Benki ya Exim ya China ilitoa zaidi ya dola bilioni 3.2 mwaka 2014: nusu kwa riba nafuu ya asilimia 2, nusu nyingine kwa riba iliyokuwa ikipanda na kushuka na soko la London, juu yake ikaongezwa asilimia 3.6. Treni ilianza 2017. Ijae, isijae, deni linalipwa. Na wanaolipa si abiria tu. Kenya iliweka ushuru wa maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazotoka nje, asilimia 1.5 kwa kuanzia, kwa hiyo anayenunua redio kutoka nje analipia reli hata kama treni anaiona kwenye picha.

Halafu fedha yenyewe. Mkataba unataka vifaa vinunuliwe China kwanza, mkandarasi ni wa kwao, ugomvi ukitokea unaamuliwa Beijing kwa sheria za China, na mkopaji anatakiwa akae kimya. Sehemu kubwa ya pesa inazunguka kwao, wewe unabaki na reli na daftari la madeni. Sisemi reli ni mbaya, na nimeipanda, ni nzuri. Nasema tu jina. Tukiita mkopo uwekezaji, hakuna atakayeuliza riba ni kiasi gani.

Na usidhani nimeegemea upande wa wale wanaoimba "mtego wa madeni" kila wakiona crane. Hata Hambantota, ile bandari ya Sri Lanka niliyokurushia usoni, nimeisoma upya. Mwaka 2017 ilikodishwa kwa kampuni ya Kichina kwa miaka 99, kwa dola bilioni 1.12. Mimi nilidhani pesa hiyo ilifuta deni la bandari. Haikufuta. Iliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni, wakadaiwa vile vile. Ajabu yake, hapo ndipo mwenye kampuni alipotia mtaji kweli, maana meli zisipokuja na yeye analia. Yaani tulichokiita kunyang'anywa ndicho kilichokaribia uwekezaji kuliko... sijui. Ndiyo maana nilitaka kubishana na wewe na si na mtu mwingine.

Sasa la mzee wako. Kijana wangu ana kazi ya shule kuhusu TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia waliyoijenga Wachina, na nimemwambia nyumbani kwa mama Zuhura kuna picha: mzee yuko stesheni ya Mlimba, na yule fundi wa Kichina mwenye kofia ya majani. Naiomba, nitapiga nakala niirudishe siku hiyo hiyo. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ikakabidhiwa 1976, nayo ilikuwa mkopo, shoga, ila bila riba hata senti. Gharama za ndani zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Yale mabakuli ya bibi yenye maua mekundu huenda yamelaza mataruma ya Mlimba, na tulikuwa tunayalia uji.

Na reli hiyo hiyo ya mzee sasa imo kwenye mkataba mwingine. Kampuni ya Kichina, CCECC, itie dola bilioni 1.4, ikarabati, iendeshe miaka 30. Mikopo mikubwa ya China yenyewe imepungua sana. Afrika ilipewa zaidi ya dola bilioni 28 mwaka 2016, na 2022 haikufika hata bilioni moja. Naona wamegeuza mkono, wanataka kuendesha wenyewe. Huu ndio mtaji, au ni mkopo umevaa suti? Mizigo ya shaba ya Zambia isipokuja, nani anakula hasara? Hapo nimekwama.

Mzee anasemaje kuhusu hilo? Bado anahesabu stesheni kwa mpangilio akianza kusinzia? Wewe ungetia saini? Na picha, nimtume kijana Jumamosi au utakuja nayo mwenyewe? Ukija, kitambaa cha Neema uliniwekea au ulimpa yule mwenzio wa Tabata kwa hasira?

Ni mimi,
Mwajuma