RISALA YA KAMATI YA WAZAZI KWA MGENI RASMI, MAHAFALI YA KIDATO CHA NNE

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzetu, wahitimu na wageni waalikwa: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuvumilia foleni ya Mbagala hadi kutufikia.

Shule yetu ya bweni ya wavulana ilianza na madarasa mawili. Leo ina kumi, maabara moja na mabweni matatu. Mafanikio ni makubwa. Mwaka jana hatukupata divisheni ziro hata moja, timu yetu ilifika robo fainali ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, na kati ya miche 40 ya miembe, 31 imeshika.

Wanaouliza faida ya bweni la wavulana watazame ratiba. Mwanafunzi wa kutwa jijini hugombania daladala alfajiri, konda akimsukuma kwa sababu ya nauli yake ndogo, na jioni hufika nyumbani hana nguvu ya kufungua daftari. Wetu wanaingia prepo, yaani kujisomea darasani, saa 1 usiku hadi saa 4. Na kwa kuwa hakuna msichana wa kuachiwa ufagio, wao ndio wanaodeki, wanaofua na kusugua masufuria. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Shule ya Wavulana Tabora, akafundisha Pugu hapa Dar es Salaam hadi alipojiuzulu mwaka 1955.

Mheshimiwa, hayo tumeyapitia upesi. Kilichotuleta mbele yako ni mlango.

Bweni namba 2 lina vitanda 48 vya dabodeka, yaani wavulana 96, na mlango mmoja unaofungukia ndani. Wakiukimbilia wote gizani, walio nyuma watawabana walio mbele na mlango hautavutika. Madirisha yana nondo zilizochomelewa kwenye fremu. Usiku mlango hutiwa kufuli kwa nje, maana wavulana huruka ukuta, na ufunguo hukaa kwa patroni, mlezi wa bweni, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nidhamu tunaitaka sana. Lakini mwaka 2001, huko Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo.

Hatari yenyewe imo ukutani. Waya wa taa, wa milimita za mraba 1.5, umeungwa soketi humo humo. Pasi ya wati 1,000 hula zaidi ya ampia 4. Pasi tatu na hita ya kuchovya ya wati 1,500 zikiwaka pamoja Jumapili jioni, zinakaribia ampia 20. Breka, yaani swichi inayokata umeme ukizidi, ya ampia 10 ilikuwa ikikata, na ilikuwa sahihi kukata. Akaitwa fundi, akaweka ya 32. Sasa breka haikati, waya ndio unaochemka, karibu na magodoro ya sponji ambayo moshi wake huua kabla moto haujamfikia aliyelala. Soketi ya kona ya kushoto imeshageuka kahawia, na inanuka.

Haya yalisemwa kwenye risala ya mwaka juzi, na mgeni wetu wa siku ile aliahidi mlango, tulipiga makofi. Mwaka jana tukaahidiwa nyaya ndani ya siku 90. Barua zetu tatu za kukumbusha zina mihuri ya kupokelewa. Tunajua majukumu ya viongozi ni mengi, ila watoto wameendelea kulala humo.

Tunaomba mlango wa pili wa chuma, upana sentimita 120, ufungukao kwa nje, wenye komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, na ule wa zamani ugeuzwe vivyo hivyo. Nondo za madirisha manne zitiwe bawaba na komeo la ndani. Soketi zihamie chumba cha kupigia pasi, kwa waya wa milimita za mraba 2.5 na breka yake ya ampia 20. Breka ya taa irudi 10. Tunaomba pia mitungi minne ya kuzimia moto, ya poda kavu, ya kilo 6. Hita za kuchovya tutazipiga marufuku wenyewe. Wazazi tumeshachanga mifuko 12 ya saruji, na fundi wa kuchomelea amejitolea. Kinachokosekana ni chuma, nyaya na mitungi, pamoja na tarehe, ambayo tunakuomba uiandike leo kwenye nakala ya risala hii.

Baada ya chakula tunaomba dakika 10 zako. Bweni namba 2 liko nyuma ya jukwaa hili, na patroni anasubiri mlangoni na ufunguo.

Naomba kuwasilisha.