Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayewaleta watoto Dar

Mdogo wangu mpendwa,

Vipi huko Dodoma, na huo upepo wa Juni unaopasua midomo? Huku sote wazima. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umeniandikia sehemu kumi na moja za kuwatembeza wanao kwa siku nne, na mwisho ukauliza, "Dada, kweli tutazimaliza?" Nimeona nikujibu kwa barua, tena ya wazi, maana kila likizo ya Juni na ya Desemba mawifi, mashemeji na majirani huniuliza hilohilo.

Hamtazimaliza, na msijaribu. Chagua nne. Siku moja, kitu kimoja, na mtoke asubuhi kabla jua la Dar halijapanda. Saa saba mko nyumbani mnakula, kitindamimba analala, na wewe unanyoosha miguu. Mimi nilipofanya kama unavyotaka kufanya wewe, mwanangu wa kwanza akiwa na miaka minne, tulikwenda sehemu tano kwa siku moja. Kesho yake nilimuuliza amependa nini. Akasema amependa paka aliyekuwa chini ya meza pale tulipokula chipsi. Nauli yote ile, viingilio vyote vile, na alichokaa nacho moyoni ni paka. Tangu siku hiyo nikajua mtoto hahitaji mengi, anahitaji muda wa kukitazama kitu mpaka akichoke mwenyewe.

Siku ya kwanza ihesabu kuwa ni ya treni. Usiniambie mnakuja na basi kwa sababu mmezoea. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari tuliyokuwa tukiimaliza kwa kutwa nzima, tukishuka Ubungo miguu imevimba kama viazi, mnaimaliza kwa saa chache tu. Inafika kilomita 160 kwa saa. Watoto wakae dirishani, na mkikaribia Kilosa waambie wajiandae, kwa sababu treni itaingia kwenye mahandaki, ghafla giza, ghafla mwanga. Wa kwangu walipiga kelele hadi abiria wazima wakacheka. Mkifika, msipange kitu kingine. Waogeshe, wale, walale.

Siku ya pili nakuomba, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, uwapeleke Kijiji cha Makumbusho. Ni pale barabara ya Ali Hassan Mwinyi, hiyo tuliyozoea kuiita Bagamoyo, karibu na kituo cha daladala cha Makumbusho. Watu hupita nje kila siku wakienda Mwenge na hawajawahi kuingia. Ndani, chini ya miti, kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi na kwa vifaa vyake. Kijiji hicho kipo tangu miaka ya 1960, nchi ikiwa bado changa. Utaona msonge wa Wahaya, nyasi zimeshuka kutoka kileleni mpaka chini kabisa, na mlango mdogo kama mdomo. Utaona nyumba ya Wachagga, ambamo ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Utaona ya Wazaramo, wenyeji wa hapa pwani.

Na utaikuta tembe ya Wagogo.

Dada yako nililia pale, sikufichi. Nilikuwa na wanangu wawili, nikainama kuingia, na ule ufupi wa mlango, ule ubaridi wa udongo, zile nguzo zilizobeba paa la udongo, nikawa niko Mvumi kwa bibi. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda juu ya paa kufukuza ndege wasile mtama ulioanikwa? Unakumbuka bibi alivyotuita kwa fimbo, akigonga boriti kutoka ndani, nasi tukisikia vumbi likidondoka chini? Tembe ile haipo tena. Mjomba alijenga ya bati, na sikumlaumu, kwa sababu paa la udongo linavuja na linataka mtu wa kulitengeneza kila mwaka. Lakini wanao wamezaliwa Area C, hapo Dodoma mjini, wamekulia kwenye sakafu ya vigae. Wanasema wao ni Wagogo, na hawajawahi kuingia kwenye tembe hata siku moja. Inashangaza kwamba wataiona Dar, lakini waione. Mkubwa wako, ambaye ana miaka tisa na anauliza maswali kama hakimu, mwache aingie peke yake kwanza. Usimweleze kitu. Akitoka, ndipo umwambie nani alilala upande gani na ndama walikuwa wapi.

Siku nyingine hupigwa ngoma pale, hasa mwisho wa wiki, kwa hiyo uliza getini. Mkiikuta, watoto hawatataka kuondoka. Mkiikosa, wala usisikitike. Beba maji na maandazi, kaeni kivulini.

Siku ya tatu ni pantoni. Najua utasema, "Dada, pantoni ni kivuko tu, watu wanakwenda kazini." Ndiyo, na nauli yake haifikii bei ya soda. Lakini fikiria mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kuona maji yanayozidi bwawa. Pandeni gari la Kivukoni, mfike Magogoni kama saa nne, wakati wafanyakazi wameshavuka na msongamano umepungua. Kabla ya kuvuka, piteni soko la samaki la Feri palepale jirani. Mshike kitindamimba mkononi kwa sababu chini kunateleza. Mwonyeshe pweza, ngisi, taa mwenye mkia kama mjeledi, na jodari mkubwa kumzidi yeye. Harufu ni kali, wa kati ataziba pua, lakini dakika tano baadaye atakuwa ameshaizoea na anauliza kwa nini ngisi ana wino.

Kwenye pantoni, msibaki katikati ya magari. Nendeni pembeni penye vyuma vya kushikilia, wewe nyuma, watoto mbele yako. Mlango wa bandari ni huohuo mnaouvuka, kwa hiyo kila meli inayoingia Dar inapita mbele ya macho yenu. Mara ya mwisho tulikutana na meli ya makontena. Ilikuja polepole, bila sauti, kama jengo la ghorofa lililoamua kutembea, ikatuziba jua. Watu wote kwenye pantoni wakanyamaza. Mwanangu mdogo alinishika kidole, akaninong'oneza, "Mama, inaelea na nini?" Mpaka leo ananiuliza habari za meli. Boti za Unguja nazo hupita papo hapo, zenyewe kwa kasi, zikiacha povu jeupe nyuma.

Ng'ambo ya pili chukueni bajaji hadi ufukweni Kigamboni, wacheze mchanga, halafu mrudi kwa gari kupitia Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016. Waende kwa maji, warudi kwa juu ya maji.

Siku ya nne nakuachia mwenyewe kati ya mawili. Watoto wakiamka wamechoka, nendeni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Ni ndani, kivuli kipo. Usiwasomee kila kibandiko. Waonyeshe vitu viwili tu: fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliyeokotwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, na habari za nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita. Mwambie mkubwa wako kwamba vyote viwili vimetoka nchini mwake, kule Ngorongoro. Halafu magari ya Mwalimu Nyerere, ambayo wa kwangu waliyapenda kuliko fuvu. Mkitoka, bustani ya mimea iko jirani, wakimbie.

Wakiamka na nguvu, nendeni ufukwe wa Coco. Ni bure. Ila uniulize kwanza habari za maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Wengi huenda jioni, wanakuta mawimbi yamefika kwenye kingo, na mtoto mdogo hana pa kukanyaga. Nendeni asubuhi yakiwa yamekupwa, muwaone kaa kwenye vijibwawa vya mawe, na viti vya pweza mkibahatika. Wavae ndala, kwa sababu kuna wale wadudu wa miiba mieusi, na mwiba wake ukivunjikia mguuni hautoki kirahisi. Mihogo ya kukaanga na kachumbari tutairudia sote jioni, nitalipa mimi.

Mbudya uifute kwa mara hii. Kisiwa ni kizuri, kimehifadhiwa tangu 1975, na ipo siku tutakwenda. Lakini Juni kusi linavuma, mchana bahari huchafuka, na wewe una mtoto wa miaka mitatu kwenye boti ndogo. Na yale mabwawa yenye bembea za maji, ulizia kwa simu kimo cha mtoto kabla hujalipa. Kuna mahali nililipa watu watano, tukafika kwenye bembea tukaambiwa wawili ni wafupi, na hela hairudi. Sitapataja jina, lakini kilio cha siku ile nakikumbuka.

Na Kariakoo, mdogo wangu, watoto wasiende. Vitenge vyako nitakupeleka mimi, wao wabaki na shemeji yako. Nilimpoteza binti yangu pale. Niliachia mkono nitoe hela ya viatu, nikageuka, hayupo. Zilikuwa kama dakika kumi. Mama mmoja anayeuza maji alikuwa amemkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, amempa karanga, anasubiri mwenye mtoto aje akiwa analia ili amjue. Tangu hapo, popote ninapokwenda na watoto, namba yangu ya simu naiandika kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mmoja, ndani, juu ya kiwiko. Wewe nawe fanya hivyo, mkiwa bado nyumbani, kabla ya kwenda stesheni.

Niletee mlenda mkavu, ule wa kwa mama, usinunue sokoni. Na hao watatu wavalishe zile fulana za njano nilizowatumia Idi. Nitakuwa nimesimama nje ya stesheni, upande wa kutokea, nikiangalia njano.

Dada yako