Mdogo wangu, yule binti alikuwa sahihi

Mdogo wangu,

Idi imepita bila salamu, na najua ni kwa sababu ya yule binti. Ulimfunga kitambaa machoni, akabana pua, ukamwonjesha vikombe viwili: kimoja sukari tupu, kingine sukari na vanila. Akasema, "Vyote sawa, mwalimu." Ukamwambia hajui hata vanila, darasa zima likaangua kicheko. Vidole vyake vilibaki puani, hakuthubutu kuviachia. Hicho ndicho nisichokisahau.

Jibu lake ndilo lililotakiwa! Ulimi hauijui vanila. Unajua utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ile ladha ya supu ya nyama ambayo Kikunae Ikeda wa Japani aliitambua mwaka 1908 akaiita umami. Vanila ni harufu, na harufu ya kilicho kinywani hupandia nyuma ya koo hadi puani. Pua ikibanwa hewa haipiti, ubongo unabaki na utamu peke yake. Akiachia, vanila inatokea ghafla, naye ataapa kaionja ulimini. Somo lenyewe ni hilo, nawe ulimkatiza kabla hajafika.

Rudia hivi. Chemsha maji nusu lita, koroga sukari vijiko 3 vya chakula, yapoe, yagawe mara mbili. Nusu moja tia arki ya vanila nusu kijiko cha chai. Ikizidi huacha uchungu, na ulimi utaigundua. Kila mtoto vikombe vitatu vya rangi moja, viwili sawa, kimoja tofauti. Abane pua kabla kikombe hakijamkaribia, asukutue kwa maji kila mara, aandike kimya kipi ni tofauti, maana mmoja akisema wote watamfuata. Kati ya wanafunzi 45, wote wakibahatisha tu, kama 15 watapatia. Pua zikifunguliwa, waliopatia waongezeke sana. Wenye mafua wawe waandishi. Tangawizi usiiguse: mwasho wake hupita neva nyingine, kubana pua hakuuzuii.

Unasema nilikuaibisha nilipokukosoa siku ile. Nilingoja watoto watoke, mdogo wangu, nikasema kwa sauti ya chini. Ningenyamaza, nani angemtetea? Na ule mchoro wa ulimi, utamu mbele, uchungu nyuma, nilikuomba uufute kwa sababu ni kosa. Kila penye vinundu vya ladha huhisi ladha zote. Sikuwa nakutafuta ubaya. Mkono wako wa kufundisha naujua, ni mzuri kuliko wangu.

Chupa ya vanila nimeiacha kwa mama. Ukiichukua, anza na yule binti, mbele ya darasa lile lile.

Dada yako