Mwanangu, kuhusu ile mikono 11 ya poka uliyonitumia

Mwanangu mpendwa,

Faili lako limefika na nimelisoma lote, mara mbili, kalamu mkononi. Juu yake umeandika: "Mama, niambie nilikosea wapi." Kabla sijaugusa hata mkono mmoja nimeona jambo ambalo nadhani wewe hukuliona. Mikono 11, na yote 11 umepoteza. Umeshacheza zaidi ya mikono 18,000 tangu uanze poka ya mtandaoni. Kweli katika hiyo yote hukuona hata mmoja ulioshinda ambao ulistahili kuulizwa? Nitalirudia hilo. Kwanza kazi uliyonipa.

Mkono wa pili, wa tano na wa tisa usiniletee tena. Una wafalme wawili, mezani hakuna cha kukutisha, mwenzako anasukuma chipu zake zote akiwa na kopa nne na kuisubiri ya tano, maana karata tano za aina moja zinawashinda wafalme wako. Unalipa, kopa inashuka, unaudhika. Pale palikuwa na kopa 9 za kumwokoa na karata mbili bado hazijafunguliwa: huzipata takribani mara 35 katika kila 100. Ulilipa ukiwa mbele, akakupita. Ukianza kuyaita hayo makosa, siku moja utaogopa kulipa pale panapolipwa, na hilo ndilo litakuwa kosa.

Mkono wa nne ndio ulionikalisha. Nauandika tena hapa ili tuwe tunatazama kitu kimoja. Meza ya watu sita, wewe uko nafasi ya mgawaji, una esi ya shupaza na malkia wa uru. Madau ya lazima ni 1 na 2. Ukapandisha hadi 5, yule wa dau kubwa akafuata, chunguni zikawa 11 pamoja na ile 1 ya dau dogo iliyoachwa. Zikafunguliwa malkia wa kopa, saba ya kopa na mbili ya pau. Akapita, yaani hakuweka kitu wala hakutupa karata, ukaweka 6, akafuata: 23. Karata ya nne ikawa mbili ya shupaza. Akapita, ukaweka 15, akafuata: 53. Karata ya mwisho, tisa ya kopa. Hapo mtu aliyekuwa kimya tangu mwanzo akatangulia yeye kuweka 40. Ukalipa. Akafunua sita na tano, zote kopa.

Pembeni umeandika: "Jamaa ni mwongo, VPIP yake 45. Halafu nilishamkamata akizuga."

Hesabu ya dau uliifanya vizuri, na nimefurahi. Unatoa 40 ili upate 93, yaani 53 za chunguni na 40 zake. Ukiongeza yako, chungu kizima ni 133. Gawanya 40 kwa 133, unapata asilimia 30. Kwa hiyo malipo yako yanasimama ukiwa mbele walau mara 3 katika kila 10. Sawa kabisa. Swali lililobaki ni kama huyu mtu, kwa karata hizi, anakuwa nyuma yako mara 3 katika 10. Hapo ndipo ulipoacha kuhesabu ukaanza kukisia.

Tuanze na hiyo VPIP ya 45, asilimia ya mikono anayoingia kwa hiari. Maana yake ni kwamba katika mikono 42 uliyomwona, aliingiza chipu kwa hiari yake mara 19. Basi. Tarakimu ya pili, ile PFR uliyoiruka, asilimia ya kupandisha mwanzoni, ni 5: kabla ya karata za mezani alipandisha mara 2 tu. Mtu anayeingia mara 19 na kupandisha mara 2, mwanangu, si mwongo. Ni mfuataji. Hana raha akitupa karata, anataka kuona zinakwenda wapi, na hapendi kusukuma. Umechukua uroho wake wa kuona ukauita uongo.

Utaniuliza, na ungekuwa na haki: mbona mama anategemea mikono 42 hiyohiyo? Nilijiuliza pia. Mtu ambaye kwa kawaida hupandisha mara 20 katika kila 100, uwezekano wake wa kupandisha mara 2 au chini ya hapo katika mikono 42 haufiki hata 1 kwa 100. Kwa hiyo sijui kiwango chake halisi, lakini najua hayuko na wapandishaji. Hiyo 45 ndiyo isiyokaa sawa. Kwa mikono michache hivyo, ukweli wake unaweza kuwa 30 na unaweza kuwa 60, na hao ni watu wawili ambao huwezi kucheza nao kwa namna moja. Tarakimu moja inaweza kuwa na nguvu kwa jambo hili na ikawa bure kwa jambo lile, kutegemea unaiuliza nini.

Sasa itazame meza. Malkia, saba, mbili, kisha mbili tena. Hakuna mfululizo unaojengeka hapo. Kitu cha maana ambacho mtu angeweza kukisubiri ni kopa. Na kopa ikaja. Mtu huzuga kwa karata zilizokosa alichokuwa anakitafuta; hapa zilizokosa ziko wapi? Huu ndio mstari ambao ningetaka uusome mara mbili, maana ndio uliokuponyoka. Ungekuwa na meza yenye nane, tisa na kopa mbili, halafu ikashuka karata isiyomsaidia yeyote, ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa.

Nikahesabu. Kopa tatu ziko mezani, wewe huna hata moja, zimebaki 10. Kopa 10 zinatoa jozi 45, yaani karata mbili mbili anazoweza kuwa nazo mkononi. Ondoa zile ambazo hata yeye angezitupa, ondoa esi na mfalme ambazo labda angepandisha mwanzoni. Chukua kwamba imebaki nusu tu, jozi 22. Sijaweka wenye mbili ya tatu, wala wenye saba au tisa mbili mkononi ambao wameshajaza nyumba, yaani karata tatu za namba moja na mbili za nyingine. Kwa hizo 22 peke yake unahitaji karibu jozi 10 unazozishinda, ambazo angezichezea vilevile hadi kuweka 40. Kwenye karatasi zipo: malkia na mfalme njia 8, malkia na jeki njia 8. Lakini huyu, aliyepandisha mara 2 katika 42, ataona kopa ya tatu imeshuka halafu atangulie kuweka 40 kwa malkia mmoja? Mimi namwona akipita na kuomba Mungu nawe upite. Mfuataji akiamka ghafla kwenye karata ya mwisho, mwamini. Tupa esi yako.

Na ile "nilishamkamata akizuga". Nimetafuta kwenye kumbukumbu za mikono yake. Katika mikono 42, umemwona akifika karata ya mwisho mara 4. Mara 1 kati ya hizo alikuwa hana kitu, na mkono huo ulikuwa wako, na ulishinda. Ndiyo maana umeukumbuka. Huna tabia ya mtu hapo, una kumbukumbu tamu. Viwango vya kuingia huanza kusema kitu baada ya makumi kadhaa ya mikono. Mambo ya karata ya mwisho, ambako watu wachache hufika, yanataka maelfu. Kwa wapinzani wengi hutayapata maisha yako yote.

Sikucheki. Nilipoanza kucheza, kabla ya programu hizi za kumbukumbu kuwa kwenye kila kompyuta, nilikuwa na daftari. Kila mpinzani nilimwandikia jina lake la mezani na neno moja au mawili: mwoga, mwehu, mwizi, jiwe. Nililiheshimu daftari lile kama hati ya shamba. Siku moja nilikaa kulipanga upya kwa alfabeti nikakuta jina moja nimeliandika kurasa tatu tofauti. Ukurasa wa kwanza "mwoga". Wa pili "mwehu, anasukuma kila kitu". Wa tatu "mwoga" tena, nimepigia mstari. Mtu yuleyule. Nikaenda kuangalia tarehe, na kila neno lililingana na jinsi jioni yangu ilivyokwisha. Nilikuwa nimejaza daftari zima kwa habari zangu mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini mimi nilikuwa nimelichora na kuliandikia jina la mtu mwingine.

Tangu hapo nina mazoea ambayo nakupa leo, uyatumie au uyaache. Kabla sijamwandika mtu, najiandika. Fikiria ni mchezaji gani ambaye una mikono yake ya kutosha kumsema. Huyu wa kopa una 42. Yule unayemwita "Profesa" una mia mbili na kitu. Mmoja tu una mikono 18,000, na hujawahi kuniletea uchambuzi wake.

Ipo habari moja ninayoipenda. Januari 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliipeleka programu yao iitwayo Libratus kwenye kasino ya Pittsburgh icheze poka na mabingwa wanne, mmoja mmoja, mikono 120,000 kwa siku 20. Jioni mabingwa walikuwa wakikutana kulinganisha udhaifu walioubaini kwa mashine, ili kesho wauchimbe. Na kesho yake wanakuta shimo limezibwa. Usiku kucha mashine nayo ilikuwa kazini, lakini haikuwa ikitafuta tabia za mabingwa ili iwanase. Ilitazama madau yao ili ijue ni wapi wao wanaipapasa, kisha inarekebisha mchezo wake hapo. Wote wanne walipoteza.

Wewe si mashine, na meza unazocheza zimejaa watu wenye makosa makubwa ambayo ni halali yako kuyafaidi. Ukimwacha mfuataji bila kumtoza dau nzito unapokuwa na mkono mzuri, unatupa chipu. Sikukatazi kuwasoma watu. Ila tazama mikono yako hii 11. Katika 8 maneno yako ya mwisho ni "nikalipa". Mahali patatu umeongeza "nilihisi", na kwenye mkono wa kumi umeandika waziwazi "nilitaka tu kuona ana nini". Mtu anayekaa mbele yako na programu yake ya kumbukumbu, unadhani kwenye kidokezo chako ameandika neno gani? Nadhani ni lilelile nililomwandika huyu wa kopa. Na yeye hahitaji kukuzuga tena. Anasubiri apate kitu, anaweka dau nene, unamlipa kwa sababu unaamini yeye ni mwongo.

Kuhusu kwamba "mwezi huu nimeshuka na sielewi": katika meza za sita zisizo na kikomo cha dau, mtawanyiko wa matokeo huwa karibu madau makubwa ya lazima 80 hadi 100 kwa kila mikono 100. Chukua 90. Baada ya mikono 10,000 wastani wako bado unayumba kiasi cha 9 juu au chini kwa kila 100. Mchezaji mzuri anayepata 5 kwa 100 anaweza kabisa kucheza mikono 10,000 vizuri akamaliza na hasara, na asiye na akili akamaliza akicheka. Ongeza makato ya mwenye meza, ambayo hutoka kwenye chungu wewe ushinde au ushindwe. Baba yako bado anaamini tunalea mcheza kamari, na sijaweza kumjibu vizuri kwa sababu ana robo ya ukweli. Kaa ndani ya zile fedha tulizokubaliana. Siku ukijikuta umepanda meza ya juu ili urudishe kilichopotea jana, zima kompyuta unipigie, hata kama ni usiku wa manane. Na zile programu za kukokotoa hatua bora, zitumie baada ya mchezo tu. Wakati wa mchezo ni wizi, na tovuti zinafunga akaunti kwa hilo.

Sasa narudi kwenye lile la mwanzo. Nataka unitumie mikono mingine 30, na iwe yote ya kulipa dau la karata ya mwisho ukashinda. Ukikosea ukashinda, hakuna kitu kitakachokuamsha, na ndiko nadhani tabia yako imejificha. Kabla hujaituma, futa mstari wa mwisho wa kila mkono. Sitaki kujua mwenzako alifunua nini. Niandikie ulichokuwa unakiona kabla hujabonyeza, na ungemweka kwenye jozi zipi. Ukiona huwezi kukumbuka, andika kwamba hukumbuki, usinitungie.

Nilitaka kusahau mkono wa saba. Pale ulipopandisha kwenye karata ya nne ukiwa na jozi ya kumi tu. Nimeuzungusha siku mbili, kwanza nikaona ni upuuzi, jana usiku nikaona labda ni mkono bora kuliko yote katika faili, na sasa sijui tena. Ulikuwa unawaza nini?

Mama yako