Dawa ile ile, bei tatu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza. Mama yangu ana presha, anameza amlodipini na losatani kila siku. Mwezi uliopita dirisha la dawa hospitalini walimpa amlodipini tu. Losatani? "Imeisha, kanunue nje." Kadi ya bima nikairudisha kwenye pochi.

Duka la kwanza, dozi ya siku 30 ilikuwa Sh 6,000. La pili, ng'ambo ya barabara, Sh 11,000: kiwanda kile kile, nililinganisha mpaka namba ya toleo. La tatu wakaniuliza kwanza, "Una shilingi ngapi, dada?" Hata gauni la harusi sipangi bei hivyo!

TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inasajili dawa na kukagua ubora wake. Sawa. Bei je, nani anaitazama? Mbona petroli EWURA, mamlaka ya nishati na maji, huitangazia bei kikomo kila mwezi, na kituo lazima kiibandike? Dawa za presha na sukari nazo zibandikwe bei ukutani, muuzaji asinipime kwa viatu nilivyovaa.

Mama sasa anameza losatani leo, kesho anaruka, "ili zifike mwisho wa mwezi." Nikimkataza ananuna.

Fundi cherehani,
Muheza, Tanga